Aliyeketi Kwenye Ukungu wa Uskoti

Jumamosi, Juni 14, 2003. Kijiji cha Gendabi kimeamka na baridi kavu. Mvua zilikoma mwezi uliopita, lakini usiku wa kuamkia leo wingu limeshuka kutoka kileleni mwa Mlima Hanang, likafunika msitu, na sasa limefika kwenye mashamba ya mwisho ya mahindi. Jogoo wanawika ndani yake na hawaonekani.

Saa kumi na mbili na nusu Yonas Akonaay anainama kufunga kamba za raba zake. Amevaa bukta ya bluu na sweta lililotoboka viwiko. Shingoni amening'iniza dira kwa kamba ya katani. Ramani ameikunja ndani ya mfuko wa nailoni ili isilowe.

Wamesimama karibu naye watu wanne: mkewe Konsolata, mwalimu wake wa madarasa ya jioni Doris Sulle, mpagazi mwenzake Wolfgang Margwe, na mwandishi wa makala haya. Wote wanalitazama wingu kwa furaha, jambo ambalo si la kawaida hapa.

"Jumamosi tatu tumelisubiri likatukataa," anasema Mwalimu Doris, mwalimu mstaafu wa jiografia mwenye miaka 63, mzaliwa wa Tlawi wilayani Mbulu. "Kila tukija, mlima uko wazi kama sahani iliyooshwa. Leo Mungu ametupa."

Anachotaka kufanya Yonas ni kuingia ndani ya wingu hilo peke yake, atafute kwa ramani na dira makopo matatu mekundu yaliyofichwa mlimani, kisha arudi. Akiweza, karatasi yenye sahihi ya Mwalimu itapelekwa Uskoti, kaskazini mwa Uingereza, na huenda mwezi Agosti akaruhusiwa kukimbia tena mbio za milimani ambazo alishindwa kuzimaliza miaka minane iliyopita.

Asipoweza, amekwisha kumwambia mkewe, hatajaribu tena.

Mwalimu anaomba kwa sauti ya chini. Sala yake ni fupi na haina maneno makubwa: Bwana amwongoze, na kama si mapenzi yake, basi amrudishe salama. Saa moja kamili anashusha mkono. Yonas anapiga hatua kumi, kumi na tano, na wingu linamchukua.

Yonas ana miaka 36. Kazi yake ni mgongo. Hubeba mahema, sufuria, maji na chakula cha wageni wanaopanda Hanang, na siku nyingine huwaongoza. Mpagazi hapa analipwa shilingi 5,000 kwa siku, na mwongozaji 8,000. Mwaka jana alipata safari 27 tu, kwa kuwa wageni wengi wanaofika kaskazini huenda Kilimanjaro na mbugani. Siku zilizobaki analima mahindi na maharage kwenye ekari moja na nusu aliyogawiwa na baba yake.

Kabla ya hapo alikuwa kibarua kwenye mashamba makubwa ya ngano upande wa Basotu. Mwaka 1993, wakati mashamba yalipokuwa yanapunguza watu na kila mtu akiambiwa ajitegemee, jina lake lilisomwa pamoja na mengine mengi.

"Nilirudi nyumbani nikiwa na buti za shamba na blanketi," anasema. "Nikauliza nifanye nini. Watu wakaniambia kuna wazungu wanalipa ili kupanda mlima. Nikafikiri wananitania. Sisi tunapanda tukiwa tumepotelewa na mnyama."

Mmoja wa wazungu hao alikuwa Kenneth, fundi wa mabomba ya maji kutoka Uskoti, ambaye wakati ule alikuwa anafanya kazi katika vijiji vya Mbulu. Watu walimwita Keneti. Hakutaka kupanda kwa miguu ya kutembea. Alikuwa anakimbia. Wapagazi walimwonea huruma wakadhani amechanganyikiwa kwa kukaa mbali na kwao.

Siku moja mwaka 1994 Keneti alimwomba Yonas amtangulie kwa mwendo wowote atakaoweza. Yonas alikuwa na mzigo wa kilo kumi na tano. Keneti alipofika kambini akihema, alikuta moto umewashwa na maji ya chai yanachemka.

"Alikaa chini, akanitazama muda mrefu," Yonas anakumbuka. "Kisha akasema, kwetu kuna watu wangependa kukuona."

Julai 1995, kwa mwaliko wa Keneti, Yonas alipanda ndege kwa mara ya kwanza. Alikaa Uskoti majuma saba, majira yao ya joto, katika nyumba ya mama yake Keneti.

Ukimuuliza habari za majuma hayo saba, sauti yake inabadilika. Anaongea polepole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Anasema jua kule lilikuwa halitaki kulala. Saa nne za usiku bado aliona njia, na mama yake Keneti alimfungia pazia nzito ili apate usingizi. Anasema kuna vichaka vifupi visivyofika gotini, na mwezi wa Agosti vinatoa maua ya zambarau, mlima mzima, hadi unaogopa kukanyaga.

Anasema juu ya maji. Gendabi akina mama huamka alfajiri kufuata maji. Kule nyasi zenyewe zilikuwa zinatoa maji ukizikanyaga, na hakuna aliyeyachota.

"Nilikuwa nakimbia nikiwaza, laiti Konsolata angeyaona maji haya," anasema. "Nilimwambia Mungu, mbona huku umemwaga?"

Kulikuwa na visubi pia, wale wadudu wanaouma, wadogo kuliko wetu na wakali kuliko wetu. Na kulikuwa na kondoo kila upande, wamepakwa rangi mgongoni, bila mtu. Siku ya kwanza aliuliza mchungaji yuko wapi. Keneti akamwambia yuko nyumbani anatazama televisheni. Yonas hakuamini. Siku nzima alikuwa anageuka kumtafuta huyo mtu.

Mbio zao hazifanani na za barabarani, ambazo vijana wa Mbulu wamezizoea. Mkimbiaji anaonyeshwa mlima, anaambiwa apite kwa watu waliosimama kwenye vilele fulani, kisha ashuke. Njia atajua mwenyewe. Katika mbio za kwanza Yonas alifika kileleni kabla ya wote, lakini akamaliza wa tatu.

"Kupanda, niliwaacha. Kushuka, wanajitupa kama mawe," anasema na kucheka. "Nilisimama pembeni niwapishe. Nilidhani kuna ajali."

Mbio za pili alishinda. Zawadi ilikuwa chupa ya pombe kali na paja la kondoo. Pombe alimwachia Keneti, paja alilipeleka kwa mama mwenye nyumba.

Mbio za tatu ndizo kubwa kuliko zote, za mlima ambao watu wa pale huuita Ben Dorcha, wenye vilele vinne. Zilikuwa Jumamosi ya mwisho kabla ya safari ya kurudi. Kwenye kilele cha pili Yonas alikuwa mbele kwa dakika nne. Mtu wa kituo alimpigia makofi. Hatua mia mbili baadaye wingu likaja.

Ili kuelewa alichofanya Yonas, ni lazima kurudi Gendabi, mwaka 1974.

Mwaka huo Nikolausi, mdogo wake Mzee Akonaay, alimfuata mtamba aliyepotea upande wa magharibi wa Hanang. Wingu lilishuka. Nikolausi alikuwa kijana na alikuwa na haraka, akaendelea kutembea. Walimpata siku ya pili chini ya korongo. Mtamba alirudi mwenyewe zizini.

Baada ya mazishi Mzee Akonaay aliwaita watoto wote wa nyumba, Yonas akiwa na miaka saba, akawapa sheria moja. Wingu likikukuta mlimani, keti. Usipige hatua. Kaa ulipo, ukumbatie magoti, uombe. Likiisha, simama uende. Kwenye mlima huu wingu la asubuhi halimalizi siku. Jua likipata nguvu, saa nne au saa tano, linaondoka, na ikichelewa sana ni saa saba. Tangu hapo hakuna mtu wa nyumba ile aliyekanyaga tena upande wa magharibi, na hakuna aliyetembea ndani ya wingu.

Hivyo, juu ya Ben Dorcha, akiwa wa kwanza, Yonas Akonaay aliketi.

Alichagua jiwe la kumkinga upepo, akakumbatia magoti. Baada ya muda alisikia viatu. Wakimbiaji walikuwa wanapita karibu naye ndani ya ukungu, mmoja baada ya mwingine, wakihema, wengine wakiongea. Hakuwaona.

"Niliwahurumia," anasema. "Nilijua wanakufa wote. Niliwaombea kila mmoja alipopita. Nilihesabu hamsini na tatu, kisha nikaacha kuhesabu, nikawa naomba kwa jumla."

Aliketi kwa saa tatu na nusu, akiwa na singlendi na bukta. Watu wa uokoaji walipomkuta midomo yake ilikuwa haifunguki. Walimzungushia mablanketi kama mtoto mchanga. Mmoja wao, mzee mwenye ndevu, alimuuliza kwa nini alikaa chini. Yonas, kwa Kiingereza chake kidogo, alijibu kwamba alikuwa anasubiri wingu liondoke.

"Yule mzee alinishika bega," Yonas anasema. "Akaniambia, mwanangu, wingu hili tuko nalo tangu Jumatatu."

Kwenye karatasi ya matokeo iliyobandikwa ukutani, jina lake liliandikwa mwisho kabisa, na mbele yake maneno mawili yenye maana kwamba hakumaliza. Keshokutwa yake alikuwa kwenye ndege.

Simulizi hiyo ilifika Katesh, mji ulio chini ya mlima, kabla ya yeye mwenyewe kupumzika. Wapagazi wenzake wakampa jina, Bwana Keti. Mpaka leo akichelewa mtu hukosi mmoja wa kuuliza kama ameona wingu. Wolfgang, ambaye ni rafiki yake, ndiye mtaniaji mkubwa kuliko wote.

"Tunamtania kwa sababu hakasiriki," Wolfgang anaeleza. "Angekasirika tungeacha. Anatazama tu kule." Anaonyesha kaskazini kwa kidevu.

Konsolata hatanii. Ni mwanamke wa maneno machache, mama wa watoto wanne, na anayasema akiendelea kuchambua maharage yake mlangoni kwake, tulikokwenda kusubiri.

Anasema mume wake alirudi mwaka 1995, lakini hakurudi mzima; nusu yake ilibaki kule. Usiku anaamka, anasimama nje bila sababu. Mvua ya kwanza ikinyesha anavua viatu akanyage nyasi. Anaweza kuwa anakula, kijiko kikasimama hewani, na watoto wamezoea kungoja kiendelee. Hanywi, hapigi mtu, analima, kanisani anakwenda. Hana la kumshitaki.

"Ingekuwa mwanamke mwingine, ningejua la kufanya," anasema. "Ni kipande cha mlima. Nitagombana na mlima?"

Ndiyo maana, anasema, barua ilipofika ni yeye aliyemwambia aifungue upesi.

Barua ilitoka kwa Keneti, ambaye sasa ni katibu wa kamati ya mbio za Ben Dorcha. Ilichelewa majuma matano. Kwenye bahasha Keneti alikuwa ameandika Katesh, Arusha, kwa kuwa hakujua kwamba tangu mwaka jana tuna mkoa wetu wa Manyara.

Kamati ilikuwa inakumbuka. Ilikuwa tayari kulipa nauli ya Yonas kutoka mfuko wa klabu. Lakini kulikuwa na sharti, na sharti hilo lilizaliwa siku ile aliyopotea yeye. Sasa kila mkimbiaji anapaswa kuthibitisha kwamba anajua kutembea ndani ya ukungu kwa ramani na dira. Keneti aliomba atafutwe mtu mwaminifu wa kumpima, aandike muda na kila kilichotokea, kisha kamati itaamua.

Yonas aliishia darasa la nne. Alijua kusoma Biblia polepole na kuandika jina lake. Alikwenda kwa Mwalimu Doris, anayefundisha watu wazima jioni tatu kwa juma kwenye ukumbi wa kanisa Katesh, wengi wao wakiwa akina mama wanaotaka kujua hesabu za sokoni. Mwalimu alikubali, kwa masharti yake. Ataanza na hesabu kama wengine. Hatakosa hata jioni moja. Na darasa litafunguliwa kwa sala, na zamu yake ikifika ataomba yeye.

Tangu Februari Yonas anatembea saa moja na nusu kwenda darasani na saa moja na nusu kurudi, hata siku alizoshusha mizigo ya wageni. Mwalimu anasema mara mbili alisinzia, na mara zote mbili aliomba radhi akiwa amesimama, mtu mzima mwenye mvi za kwanza.

Kigumu kuliko vyote kilikuwa mistari ya kontua, ile inayochorwa kwenye ramani kuonyesha miinuko.

"Nilidhani ni alama za vidole za mlima," Yonas alimweleza mwandishi siku moja kabla ya mtihani. "Mwalimu akaniambia, mistari ikiwa mbali, ni mteremko wa mtoto. Ikibanana, ni ukuta. Nikaenda nyumbani na ramani, nikatafuta mahali ilipobanana sana. Nikaliona korongo la Baba Mdogo Nikolausi. Limechorwa. Nilikaa nalo usiku ule mpaka taa ikaisha mafuta."

Ni Yonas mwenyewe aliyemwambia Mwalimu kwamba akipimwa kwenye njia za wageni itakuwa udanganyifu, kwa kuwa anazijua hata akiwa amefumba macho. Apimwe magharibi, upande asioujua. Mwalimu alisita, kisha akakubali. Alhamisi Wolfgang alikwenda kuficha makopo matatu, kila moja na kadi yenye sahihi ya Mwalimu ndani yake, na akaweka alama tatu kwenye ramani. Mwalimu alitoa muda wa saa nne.

Habari hiyo ilizunguka Gendabi kwa siku moja. Ilifika pia nyumbani kwa Mzee Akonaay, mwenye miaka 72 sasa.

Saa nne asubuhi wingu bado liko pale pale. Konsolata amemaliza maharage na ameanza kuyachambua upya. Saa tano kasoro robo Wolfgang anatoka kwenda kusimama njiani. Saa tano kamili Mwalimu anaitazama saa yake, anaitazama tena, na anaweka kalamu chini.

Konsolata anatoka nje na kanga yake imemdondoka begani bila yeye kujua.

Saa tano na dakika kumi na moja kuna viatu kwenye mawe, na Yonas anatoka ndani ya wingu. Ana tope hadi kiunoni na goti linavuja damu. Anaweka kadi tatu mezani mbele ya Mwalimu, moja moja, kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukishika kiwiko, kama mtu anayemkabidhi mkubwa wake kitu. Kisha anauliza muda.

Mwalimu anamwambia. Amechelewa dakika kumi na moja.

Wolfgang anaanza kumtetea papo hapo. Anasema saa za mkononi zinakimbia, hasa hizi za siku hizi zinazouzwa mnadani, na nani Uskoti atajua dakika kumi na moja za Gendabi.

"Saa yangu niliilinganisha na redio asubuhi," Mwalimu anamjibu. "Na hata ningekosa, Mungu hajakosa."

"Andika, Mwalimu," Yonas anasema. "Andika kama ilivyo."

Mwalimu anaandika. Kisha anamuuliza kilichomchelewesha, kwa kuwa barua ilitaka kila kilichotokea. Yonas anaomba maji kwanza.

Alisema kopo la kwanza alilipata bila shida, na la pili alilikosa kwa hatua thelathini akarudi. La tatu lilikuwa ng'ambo ya korongo, na ramani ilimtaka apite juu ya ukingo, akiacha mistari iliyobanana mkono wake wa kushoto. Alitembea akihesabu hatua kwa sauti. Alipofika mia moja na arobaini aliona mtu ameketi ndani ya wingu, amejifunika shuka, mgongo wake kwenye korongo.

Alikuwa baba yake.

Yonas alimwamkia. Mzee aliitikia marahaba, akasema alikuwa anatafuta mbuzi wawili, wingu likamkuta. Kisha akapiga ardhi kwa kiganja, karibu naye.

"Akaniambia, keti," Yonas anasema. "Hakuna mtu mwingine duniani angeniambia vile nikaketi. Niliketi, Mwalimu. Nakwambia kweli."

Waliketi bega kwa bega, baba na mwana. Yonas alijua muda unakwenda. Alijua pia kwamba mtu hamwachi baba yake ameketi akamgeuzia kisogo. Baada ya kitambo aliomba ruhusa ya kuondoka. Mzee alikataa. Aliomba tena. Mzee akamuuliza kama hicho chuma cha shingoni kinamjua Nikolausi.

Ndipo Yonas alipotoa ramani, akaikunjua juu ya magoti ya baba yake. Akachukua kidole cha mzee akakiweka kwenye mistari iliyobanana. Akamwambia, liko hapa, baba. Na sisi tuko hapa. Kati ya hapa na hapa ni hatua ishirini. Mimi naenda huku.

Mzee Akonaay hajui kusoma. Alikaa na kidole chake pale kwa muda mrefu. Aliuliza nani alilichora. Yonas akasema hajui, watu wa zamani, walipita na ndege. Mzee akauliza kama walichora kabla ya Nikolausi au baada. Yonas aliangalia pembeni mwa ramani kama alivyofundishwa, akausoma mwaka. Kabla.

"Akaondoa kidole," Yonas anasema. "Kisha akaniambia, basi nenda. Mimi nitabaki hapa. Ukipotea, atakuwepo anayejua ulikopitia."

Mwalimu Doris hakuandika hapo. Alipangusa miwani kwanza, ndipo akaandika yote, na akamsomea ili athibitishe.

Wingu linaondoka saa saba mchana. Muda si mrefu baadaye Mzee Akonaay anashuka kwa fimbo yake, polepole, shuka limelowa. Wote wanasimama. Shikamoo zinatoka kwa zamu, naye anaziitikia moja moja bila haraka. Anapewa kiti, anapewa uji. Wolfgang, ambaye hawezi kujizuia, anamuuliza mbuzi wako wapi.

"Wametangulia," anasema Mzee.

Konsolata anamwinamia mwandishi na kunong'ona kwamba mbuzi wote walilala zizini, aliwafungulia yeye mwenyewe alfajiri, na Mzee alipita pale kabla hata hajawasha moto.

Mzee anaomba aonyeshwe karatasi inayokwenda Uskoti. Mwalimu anamsomea kwa Kiswahili, na Yonas anamfafanulia kwa lugha yao. Zinaposomwa dakika kumi na moja, Mzee anaacha kunywa. Anauliza kama ndizo zitakazomfungia kijana njia. Mwalimu anajibu kwamba hajui. Kamati ndiyo itakayoamua, na jibu litachukua mwezi, pengine zaidi.

Hapo Konsolata anazungumza, na anazungumza akiwa amesimama, jambo ambalo wanawake wa hapa hawalifanyi mara nyingi mbele ya baba mkwe. Anamwambia mumewe kwamba yeye hataki kujua watasema nini kule. Miaka minane amengoja. Anataka kusikia kutoka kwake, leo, wakubwa wakisikia, itakuwaje wakikubali na itakuwaje wakikataa.

Yonas anaweka kikombe chini. Anasimama. Hajafuta damu ya gotini. Anamtazama baba yake kwanza, kwa adabu, kisha mwalimu wake, kisha mkewe, na macho yanabaki kwa mkewe.

"Mbele ya Mungu, na mbele ya baba, na Mwalimu, na Wolfgang, na huyu mgeni anayeandika," anasema, "wakinikubali, nitaumaliza ule mlima. Kwa kukimbia, kwa kutembea, hata kwa kutambaa. Wakinikataa, nimeumaliza leo. Kwa vyovyote, Konsolata, Agosti ikiisha niko Gendabi, na safari hii nitarudi mzima."